Ncha ya Pili ya Fimbo

Melkiori Mkumbo hakuwa na macho. Hakuwa na mke. Severina alikuwa amelala nyuma ya zizi mwaka wa nne sasa, na zizi lenyewe halikuwa na ng'ombe. Hakuwa na meno ya kutafunia karanga, naye alikuwa akiishi Mkalama, nchi ya karanga. Hakuwa na kadi ya matibabu ya wazee, kwa kuwa mashine ya alama za vidole ilivikataa vidole vyake, na kijana aliyeishika akatangaza mbele ya foleni nzima kwamba mzee huyu hana alama, jembe limezila. Hakuwa na mtoto wa kumwita kutoka chumba cha pili. Gervas, mwanawe pekee, alikuwa Ihanja kwenye barabara kuu na mke mwingine, na simu yake ilipatikana siku za sikukuu.

Alichokuwa nacho ni fimbo ya mti wa mkole, ndefu kama hatua mbili, iliyolainika ncha zote kwa jasho la mikono. Ncha moja aliishika yeye. Ya pili aliishika Leah, binti wa Gervas, mwenye miaka kumi. Aliletwa kwa bibi yake akiwa ndiyo kwanza ameacha ziwa, kama watoto wa kwanza wa ukoo ule walivyoletwa tangu zamani, ili nyumba ya wazee isikose mtu wa kuchochea moto. Bibi alipofariki, mtoto akabaki na moto, na babu.

Fimbo hiyo ilikuwa na sheria moja, na Melkiori aliifundisha kabla ya sheria nyingine yoyote: anayeachia lazima aseme. Ukitaka kujikuna, useme. Ukitaka kuokota tunda, useme. "Naachia, babu," naye babu husimama palepale alipo, mguu mmoja ukiwa mbele, mpaka asikie, "Nimeshika." Leah hakuwahi kuuliza kwa nini. Alidhani ndivyo fimbo zote zilivyo.

Jioni Melkiori alikuwa akikagua madaftari ya mtoto. Leah aliandika huku karatasi imelazwa juu ya ngozi ya mbuzi, akikandamiza kalamu kwa nguvu, kisha babu akaligeuza jani na kupitisha upande wa nyuma kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole pekee ambacho jembe halikukila. Herufi zilikuwa zimevimba, zimegeuka kulia kuwa kushoto, lakini alikwisha kuzizoea. Alisoma kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, akatia kosa pale penye kosa.

*

Afisa ustawi wa jamii alifika Jumatatu asubuhi kutoka Nduguti, amepakiwa kwenye pikipiki ya mtendaji wa kijiji. Aliitwa Selina, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na alikuwa na mafaili mawili kwapani, la kijani na la kaki. Mtendaji, Laurenti, alikuwa na kidau cha wino mfukoni.

"Shikamoo babu," Selina alisema.

"Marahaba. Sauti ngeni hiyo. Leah, mpe mgeni kigoda. Na Laurenti mpe, ingawa yeye habari zake huwa za kusimama."

Laurenti akacheka. "Mzee Melkiori, leo nimekuja na serikali."

"Nimesikia. Serikali leo ina viatu vya kike."

Selina naye akacheka, kisha akafungua faili la kijani, na kicheko kikaisha. Mwalimu mkuu alikuwa ameandika. Tangu Januari Leah alikuwa amekosa shule siku arobaini na moja.

"Arobaini," Melkiori alisema. "Siku moja alikuwa na homa."

"Babu, mtoto kumwongoza mtu mzima wakati wa masomo ni kumtumikisha. Sheria ya mtoto inakataza."

"Mimi namtumikisha?"

"Sijasema kwa ubaya."

"Kwa uzuri inasemwaje?"

Upepo ulipita uani ukageuza kurasa. Melkiori akainamisha sikio. "Na hilo faili la pili ni la nani? Unalifungua, unalifunga."

"Ni lako, babu. La wazee."

"Linasemaje?"

"Niliomba upokelewe makao ya wazee. Nafasi ni chache, huchukuliwa mzee asiye na mtu. Wewe una mtu."

"Nani?"

Selina alimtazama mtoto aliyekuwa amechuchumaa mlangoni na ncha ya fimbo mkononi, ingawa babu yake alikuwa ameketi. "Leah," alisema.

Laurenti alianza kufuta vumbi kwenye tangi la pikipiki.

"Kwa hiyo kwenye faili la kijani," Melkiori alisema, "Leah ni mtoto ninayemwonea. Kwenye la kaki ni mtu mzima anayenitunza."

"Nimeliuliza hilo mkoani, babu. Nimeambiwa kila faili niliandike peke yake."

Wakampigia Gervas. Siku hiyo alipatikana. Laurenti akaiweka simu sauti ya juu, na sauti ya mabasi ya Ihanja ikajaa uani.

"Baba, shikamoo. Mimi sijakataa. Nyumba ni vyumba viwili, mwenye nyumba hataki mtu wa kuongezeka."

"Na Leah?" Selina aliuliza.

"Huyo mlete. Leo hiihii mlete. Kuna mtoto mchanga hapa wa kushikwa, na mama yake anakaanga chipsi stendi mpaka jioni. Leah ni mkubwa sasa."

"Atasoma?"

"Atasoma, kwa nini asisome. Mtoto akishatembea atasoma."

Selina alikata simu mwenyewe. Alisogeza kigoda karibu na cha Melkiori, akasema kwa sauti ya chini kwamba iko nafasi moja katika bweni la wasichana Kilimatinde. Godoro lipo, chakula kipo, daftari lipo. Shule zikifunguliwa Julai mtoto angeingia. Lakini mlezi lazima akubali kwa maandishi, na nafasi ingengoja mpaka Ijumaa. "Ijumaa ikipita, nafasi atapewa mwingine. Hapo suala litarudi kwa baba mzazi, nami sitakuwa na la kusema."

"Weka dole hapa, mzee, tumalize," Laurenti alisema. Alikuwa amekwisha kushika mkono wa Melkiori, akalichovya dole gumba kwenye wino kama mtu anayechovya tonge kwenye mlenda.

Melkiori aliuvuta mkono wake. "Dole ni la asiyejua kuandika. Mimi nilisoma kisomo cha usiku miaka mitatu, ndani ya ghala la pamba, kwa taa ya chemli, na mchana nalima. Cheti kiko juu ya dari, panya wamekula pembe moja tu."

"Mzee, lakini huoni."

"Sioni. Sijasema sijui." Alikuwa ameliinua lile dole jeusi hewani, hajui alifutie wapi. "Nitaandika barua. Mkiiona Ijumaa, mmeiona."

Kabla ya kuondoka, Selina alimwita Leah nyuma ya kihenge.

"Unapenda shule?"

"Ndiyo."

"Unapenda somo gani?"

"Yote ya kuandika."

"Ungependa kusoma Kilimatinde? Kuna wasichana wengi. Mtalala pamoja."

Leah alifikiri. "Nani atashika fimbo?"

"Hilo ni la watu wazima, mwanangu."

"Watu wazima gani?"

Selina alifungua kalamu, akainama juu ya faili la kijani, kisha akaifunga kalamu tena.

*

Jumanne Melkiori alimlazimisha Leah aende shule. "Nataka kujipima," alisema. Mtoto alimwachia maji kwenye kata, uji kwenye sufuria, na kamba aliyoifunga kutoka mlangoni mpaka chooni. Aligeuka mara tatu njiani.

Kwanza hakukuwa na shida. Kuku walichakura. Jua likapanda, akalisikia begani. Kisha, mbele yake, kama hatua mbili hivi, kitu kikagonga udongo. Tak. Akanyoosha mkono akagusa fimbo yake. Ilikuwa imelala mapajani pake. Tak, tak. Mlio wa fimbo kavu juu ya ardhi kavu, mlio wa mtu anayetafuta njia peke yake.

Alikuwa akiusikia mlio huo kila siku ambayo Leah alikwenda shule. Hakuwahi kumwambia mtu. Siku arobaini za mwalimu mkuu zilikuwa siku ambazo aliamka na kusema, "Leo mguu unaniuma, baki." Mguu haukuwa ukiuma.

Akasimama kwenda chooni, huku akisema kwa sauti majina ya vitu alivyopita, kigogo, jiwe, kamba, ili asiusikie. Aliiachia kamba kidogo tu, ili afunge vizuri suruali. Alipoitafuta tena haikuwapo.

Yeremia, jirani yake wa chini, alimkuta mchana katikati ya majaruba ya vitunguu, karibu na mto wa mchanga, amesimama wima kama mtu aliyeitwa kwenye foleni.

"Mzee Mkumbo, umekuja kuning'olea vitunguu au kuviombea?" alisema kutoka mbali. Walikuwa wakitaniana hivyo tangu ujana. Alipokaribia akaiona suruali, imelowa mpaka magotini, na hayakuwa maji ya jaruba. Utani ukamkauka mdomoni. Alivua koti lake, akamfunga kiunoni, akaishika ncha ya pili ya fimbo.

"Hapa pana kisima?" Melkiori aliuliza.

"Kile cha zamani? Kilishafukiwa, tangu enzi za baba yangu. Kwa nini?"

"Nilikuwa nakisikia."

Leah alikuwa tayari nyumbani. Mtoto wa Yeremia alimpelekea habari darasani, mbele ya wote. Alifua suruali na majivu. Kisha akalichukua dole gumba la babu yake, akalisugua kwa majivu yaleyale, lakini wino haukutoka.

"Kesho siendi," alisema.

Melkiori hakumkatalia.

*

Jumatano ilipita hivyohivyo, na kila walipokula, walikula wakisikilizana. Alhamisi alasiri Melkiori alimwambia alete ngozi ya mbuzi, karatasi na kalamu.

"Andika vizuri. Kwa Afisa Ustawi wa Jamii, Nduguti. Mimi Melkiori Mkumbo, mlezi wa Leah Gervas, nakubali mtoto apelekwe bweni la Kilimatinde. Umeandika?"

"Naandika."

"Sijalazimishwa na mtu. Naomba alale mbali na dirisha, kifua chake hakipendi baridi. Wasalaam."

Alisikiliza kalamu. Ilikuwa ikitembea kwa kunong'ona, si kwa kukwaruza.

"Soma."

Leah akasoma kila neno kama lilivyotamkwa, mpaka la dirisha. Sauti yake haikutetereka. Melkiori aliomba karatasi, akaigeuza, akapitisha kidole kidogo cha kushoto. Ilikuwa laini kama jani jipya. Mtoto hakuwa amekandamiza. Alirudi mwanzo, akashuka mstari wa pili, wa tatu, na hapo kidole kikakwama kwenye uvimbe. Neno moja. Alilisoma kutoka kulia, akalisoma tena.

"Leah. Nani anaona?"

Kuku mmoja aliingia ndani, akatoka.

"Mimi sikutaja kuona," alisema. "Hapa umeandika *anaona*. Nani?"

"Babu."

"Isome sasa. Iliyo kwenye karatasi."

Mtoto alisoma, safari hii kwa sauti ndogo. "Babu yangu anaona. Macho yamepona. Nakwenda shule kila siku. Msije tena."

"Ulinificha barua nzima, neno hili moja ukalikandamiza."

"Sikujua nimelikandamiza."

Melkiori aliiweka karatasi juu ya goti na kuinyoosha kwa kiganja, kama anayetuliza mnyama. Alikaa hivyo mpaka jua likamtoka begani.

"Bibi yangu mimi alikuwa haoni," alisema. "Nilikuwa na miaka tisa. Nilipewa fimbo kama ulivyopewa wewe, na shule sikwenda. Asubuhi nilikuwa nikimpeleka mtoni. Siku moja mwalimu wa misheni akapiga kengele. Ilikuwa kipande cha reli, kinagongwa kwa nyundo. Watoto wakaanza kuimba herufi. Nikasema nikachungulie dirishani mara moja, nirudi."

"Ulisema unaachia?"

"Sikusema."

"Sasa alijuaje?"

"Hakujua. Akaendelea kunifuata, na mimi sipo."

Leah alijisogeza karibu, lakini hakumgusa.

"Palikuwa na kisima cha kuchimbwa mchangani, kirefu kuliko watu wawili. Niliporudi nilikuta fimbo imelala mdomoni mwa kisima, imepita upande na upande. Nilikuwa nimejifunza herufi nne. Nikawaambia watu kwamba bibi alinituma kibuyu. Wakaniamini. Severina sikumwambia. Padri sikumwambia. Ninakwambia wewe. Nikikuzuia, nawe utaachia siku moja bila kusema. Si kwa ubaya. Ni kwa sababu kengele italia. Halafu utaishi nayo mpaka uwe kama mimi."

"Mimi sitaachia."

"Na mimi nilikuwa mtoto mwema. Nipe kalamu."

Hakukubali kushikwa mkono. Aliligeuza jani upande wa nyuma, akapima ukingo kwa dole jeusi, akaandika kwa herufi kubwa alizofundishwa ghalani. Mstari wa kwanza ulipanda, wa pili ukaukanyaga wa kwanza, wa tatu ukaishia nusu juu ya ngozi. Ilimchukua muda ambao Leah angepika ugali na kuusonga. Alipomaliza, jasho lilikuwa likimdondoka puani.

"Soma."

"*Leah aende Kilimatinde. Mimi sina mtu. Fungueni faili la kaki. Melkiori Mkumbo, mwanakisomo.*" Mtoto alisimamisha kidole kwenye mstari wa kati. "Babu, hapa ni uongo. Una mimi."

"Ndiyo. Na wewe uliandika kwamba naona."

"Wa kwangu umeukataa."

"Wa kwako ungewafanya wasije. Wa kwangu utawaleta." Alijaribu kucheka, ikawa kikohozi. Mtu ambaye hakutaka kuweka dole mbele ya Laurenti alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba hana mtu duniani, na barua hiyo ingesomwa ofisini na kila mwenye ufunguo. "Nyuma yake uache uongo wako kama ulivyo. Yule mama ana akili. Asome pande zote mbili."

Bahasha ilikuwapo, Selina aliiacha. Haikuwa na gundi. Leah alileta ukoko wa ugali wa mchana, akautafuna kidogo ulainike, akaupaka ukingoni. Melkiori alikunja karatasi mara tatu, akaisukuma ndani, akaufunika mdomo wa bahasha na kuukandamiza kwa ngumi mpaka ukashika.

*

Ijumaa asubuhi walikwenda pamoja mpaka kwenye ua wa minyaa, ambapo njia ya nyumbani hukutana na barabara. Idrissa, kijana wa bodaboda, hupita hapo saa mbili akielekea Nduguti. Kutoka minyaa mpaka barabarani ni hatua ishirini na sita.

Melkiori alisimama. "Achia."

Ncha ya pili haikulegea.

"Leah. Sema kwanza, halafu uachie."

Alisikia pumzi za mtoto, mara tatu, mara nne.

"Naachia, babu," Leah alisema, na fimbo ikashuka.

Alitembea peke yake. Alihesabu kimoyomoyo, na kwenye hatua ya kumi na nane alikwenda upande, akarudi. Leah alisimama kwenye minyaa, mikono kaiweka kichwani, hakuthubutu kuita. Pikipiki ilikuja, ikapunguza mwendo.

"Shikamoo babu. Leo uko peke yako?"

"Marahaba, Idrissa. Leo niko peke yangu. Barua hii ni ya ofisi ya ustawi. Mpe yule mama mkononi, si karani."

"Inanukia ugali."

"Ndiyo muhuri wake. Isilowe."

"Babu, huu ni Juni. Mvua itoke wapi?" Idrissa aliitia bahasha kifuani, akafunga zipu ya jaketi mpaka kooni. "Saa nne itakuwa mezani kwake."

Melkiori alibaki pale mpaka mlio ukapinda kilimani, ukawa kama nzi, ukaisha. Hapo akageuka, akaanza kurudi, huku akiiburuta fimbo nyuma yake. Ilikuja kwa uzito, kama vile kuna mtu ameshika ncha ya pili na anamfuata kwa imani.

Alisimama katikati ya njia, akageuza uso nusu.

"Bibi," alisema polepole, "niliachia."

Alingoja. Kisha akaendelea kutembea, na fimbo haikupungua uzito.